Dk Robert Koch alipopita Usambara: dawa iliyopofusha na swali la ridhaa

Kila safu hii inapogusia chanjo mpya au utafiti wa dawa, wazazi huuliza jambo lilelile: je, wanawafanyia majaribio watoto wetu? Wapo wataalamu wanaokasirishwa na swali hilo na kulijibu kwa mkato kwamba ni ujinga. Mimi sioni ujinga ndani yake. Lina historia, na sehemu ya historia hiyo ilipita katika milima ya Usambara, kwa hiyo leo nitakueleza maisha ya daktari mmoja aliyeipitia, kisha wewe mwenyewe utapima.

Anza na Lutindi, huko juu milimani katika Wilaya ya Korogwe. Wengi mnaifahamu kwa hospitali yake ya magonjwa ya akili. Si wote mnaojua kwamba pahala pale pasipoanza kama hospitali. Wajerumani wa misheni walipafungua mwaka 1896 pawe makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, na miaka michache baada ya 1900 pakageuzwa kuwa mahali pa kutunzia wagonjwa wa akili, miongoni mwa pa kwanza kabisa katika Afrika Mashariki. Kwa maneno mengine, tangu mwanzo Lutindi imekuwa nyumba ya watu ambao wengine huwaamulia: mtoto asiye na wazazi, na mgonjwa ambaye akili yake imechoka. Weka hilo moyoni, tutalihitaji.

Ukivuka bonde la Lwengera kutoka upande wa Lutindi unaingia Usambara ya Mashariki, ambako kuna Amani. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapo taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe. Mwaka 1906 alifika Amani mzee wa miaka 62, mwenye ndevu na miwani, ambaye wakati ule hakukuwa na daktari aliyemzidi umaarufu duniani. Mwaka uliotangulia alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Alikuwa Robert Koch.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa wachimba madini nchini Ujerumani, katika familia ya watoto 13. Alisomea udaktari Göttingen. Baadaye akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao siku hizi uko Poland. Ilikuwa kazi kama ya mganga mkuu wa wilaya zetu: kuzalisha, kutibu majeraha, kukagua maiti, kuandika vyeti. Usiku, katika chumba cha nyumbani kwake, alikaa na hadubini akichunguza damu ya kondoo waliokufa kwa kimeta. Mwaka 1876 alionyesha kwa ushahidi kamili kwamba kimeta husababishwa na bakteria mmoja anayejulikana, na kwamba mbegu za bakteria huyo huweza kukaa ardhini kwa muda mrefu zikisubiri mnyama. Leo mambo hayo tunayafundisha shule ya msingi. Wakati ule wengi bado walisema magonjwa hutokana na hewa mbaya.

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, aliwaonyesha madaktari wenzake bakteria wa kifua kikuu. Ndiyo sababu Siku ya Kifua Kikuu Duniani, ile mnayoona mabango yake kwenye vituo vya afya, huadhimishwa tarehe hiyo. Mwaka uliofuata akaenda Misri, kisha India, kutafuta chanzo cha kipindupindu, na akampata mdudu wake. Kule Alexandria daktari kijana Mfaransa, Louis Thuillier, aliyekuwa katika msafara shindani, aliugua kipindupindu na kufa. Koch alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake, ingawa Wafaransa na Wajerumani wakati ule hawakuwa wakipendana hata kidogo.

Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, na Koch akatumwa huko na serikali. Wakuu wa mji walichelewa kutangaza ugonjwa kwa kuhofia biashara ya bandari. Maji ya bomba yalitoka mtoni moja kwa moja bila kuchujwa. Katika mji jirani wa Altona, uliotumia maji ya mto uleule lakini yaliyopitishwa kwenye mchanga, waliougua walikuwa wachache sana. Hamburg ilizika watu wapatao 8,600 katika majuma machache, wengi wao maskini. Koch alisimamia ukweli kwamba ugonjwa lazima utangazwe mapema na maji yachemshwe, na katika hilo hakuna wa kumlaumu. Ukitaka kujua kwa nini kutangaza mapema ni haki ya mgonjwa, kumbuka mwaka 2020, takwimu zetu za Uviko-19 zilipokoma kwenye wagonjwa 509 na zisitolewe tena hadi mwaka uliofuata. Mwenye mgonjwa nyumbani siku zile anajua ilivyokuwa kukisia.

Lakini kabla ya Hamburg kulikuwa na jambo lingine, na kwangu hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanzia.

Agosti 1890, katika mkutano mkubwa wa madaktari Berlin, Koch alidokeza kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu. Miezi mitatu baadaye akaanza kuitoa dawa hiyo, iliyokuja kuitwa tuberkulini, na akakataa kusema imetengenezwa kwa nini. Jaribu kuwaza: kifua kikuu ndicho kilichokuwa kikiua watu wazima wengi kuliko ugonjwa wowote Ulaya, hakina tiba, na mtu anayeheshimiwa kuliko wote anasema ana dawa. Wagonjwa walijaa kwenye treni za kwenda Berlin. Wengine walifia njiani. Hoteli zilijaa watu wanaokohoa. Sindano zikaanza kuchomwa, na baada ya majuma kadhaa maiti zikaanza kuwasili kwa Rudolf Virchow, bingwa wa uchunguzi wa maiti, ambaye alionyesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa dawa ile ilikuwa imechochea ugonjwa usambae zaidi. Januari 1891 Koch alilazimika kueleza dawa ni nini: ni utomvu wa bakteria walewale wa kifua kikuu, uliotolewa kwa glisirini. Haikutibu.

Ni haki kusema kwamba alijichoma yeye mwenyewe kwanza, akaugua homa kali na kutetemeka. Alimchoma pia Hedwig Freiberg, msichana aliyekuja kuwa mke wake wa pili, ambaye alikubali baada ya kuambiwa kwamba huenda ataumwa sana ila hatakufa. Watu husimulia habari hizi kama ushahidi wa ujasiri, na ujasiri ulikuwapo kweli. Ila kujichoma sindano wewe mwenyewe hakukupi ruhusa ya kumchoma jirani. Mwenye afya anayejaribu dawa kwa hiari na mgonjwa mahututi anayeshika chochote anachopewa hawasimami mahali pamoja.

Tuberkulini haikutupwa. Baadaye iligundulika kwamba inafaa kwa kupima, na mzazi ambaye mtoto wake amewahi kuchomwa kisindano kidogo mkononi kisha akaambiwa amrudishe baada ya siku mbili au tatu wapime uvimbe, ameonana na dawa ya Koch. Lakini matokeo mengine ya kashfa ile ni ya kisheria. Mwaka 1891 serikali ya Prussia iliagiza magereza yake kwamba mfungwa asichomwe tuberkulini kinyume cha hiari yake. Na Desemba 1900, baada ya kashfa nyingine ya daktari aliyewadunga wanawake maji ya damu ya wagonjwa wa kaswende bila kuwaeleza, waziri alitoa agizo kwa hospitali: mtu asifanyiwe jaribio lisilo la kumtibu mpaka aelezwe madhara yanayoweza kumpata na akubali waziwazi; na mtoto asifanyiwe kabisa. Agizo hilo lilikuwa miongoni mwa ya kwanza ya aina yake duniani. Lilihusu hospitali za kule kwao. Halikupanda meli kuja Tanga.

Koch alikuwa ameshafika huku kabla ya hapo. Mwaka 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam akichunguza malaria na magonjwa ya ng'ombe. Daktari wa jeshi aliyekuwa Bukoba alimletea sampuli za ugonjwa wa ajabu kutoka Kiziba, naye akathibitisha kuwa ni tauni. (Ni mkoa uleule wa Kagera ambako mwaka 2023 tulipata mlipuko wa Marburg.) Alifika pia Usambara, akavutiwa na hali ya milimani kutokuwa na malaria. Watu wa milima hiyo walimweleza kwamba wakishuka bondeni huumwa na wadudu na kisha kupata homa, na kwamba mdudu na homa yenyewe waliviita kwa jina moja: mbu. Koch aliliandika. Wakati ule Ronald Ross kule India ndiyo kwanza alikuwa akithibitisha kwa hadubini kwamba mbu ndiye anayebeba malaria, na miaka michache baadaye akapewa Nobel kwa kazi hiyo. Wazee wa Usambara hawakupata hata kutajwa kwa majina.

Mwaka 1905 alirudi tena na kuonyesha kuwa papasi, wale wadudu wa kwenye nyumba za udongo na kambi za misafara, ndio wanaoeneza homa ya vipindi, na kwamba papasi jike huwarithisha vijidudu hata watoto wake kupitia mayai. Kazi nzuri, na mpaka leo inatusaidia.

Sasa tufike 1906. Malale yalikuwa yakiteketeza watu kandokando ya Ziwa Victoria. Upande wa Uganda peke yake, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni zaidi ya watu laki mbili waliokufa katika miaka ile ya mwanzo wa karne. Mgonjwa huanza na homa na maumivu ya kichwa, kisha tabia hubadilika, analala mchana na kukesha usiku, anapoteza fahamu, anakufa. Hakukuwa na tiba. Serikali ya Ujerumani ilimtuma Koch na wasaidizi kadhaa. Walianzia Amani kuchunguza mbung'o na vimelea, wakaenda Mwanza, na walipoona wagonjwa wa Mwanza ni wachache wakaomba ruhusa kwa Waingereza, wakavuka hadi visiwa vya Sese upande wa Uganda, ambako wagonjwa walikuwa wengi mno.

Ruhusa hiyo Koch aliiomba kwa serikali. Kwa wagonjwa wa Sese haikuombwa kwa namna ambayo ingekubalika Berlin.

Dawa ilikuwa Atoxyl, yenye aseniki ndani yake, ile sumu ya zamani. Huko Liverpool mwaka 1905 ilikuwa imeonekana kuua vimelea vya aina hiyo katika wanyama. Koch alianza na nusu gramu, siku mbili mfululizo, kisha mapumziko ya siku kadhaa. Mwanzoni matokeo yalishangaza. Vimelea vilitoweka kwenye damu na tezi. Watu waliobebwa na ndugu zao walianza kutembea. Habari zilienea visiwani na bara, na wagonjwa wakaja kwa mamia, mpaka wakapita elfu moja. Hawa hawakulazimishwa kuja. Walikuja kwa matumaini, kama wale wa treni za Berlin.

Kisha vimelea vikarudi. Hapo, msomaji wangu, ndipo pa kusimama. Koch angeweza kuwaambia wagonjwa kwamba dawa hii inapunguza makali lakini haiponyi. Badala yake aliongeza dozi hadi gramu nzima kwa mara moja. Wagonjwa wakapata maumivu makali ya tumbo, kichefuchefu, kizunguzungu. Wengi wakatoroka. Zaidi ya watu 20 wakapofuka, na macho yao hayakurudi tena. Ndipo akashusha dozi.

Wapo watakaokuambia: hao wangekufa tu, kuna ubaya gani kujaribu? Ni hoja nzito na usiipuuze, kwa sababu ndiyo inayotolewa katika kila mlipuko, na siku moja daktari anaweza kuitoa mbele ya kitanda cha mwanao. Mimi pia sina ugomvi na sindano ya kwanza ya Sese. Penye ugonjwa unaoua wote na pasipo dawa, kujaribu kunaweza kuwa huruma. Lakini mtu anayekaribia kufa bado ana vya kupoteza: macho yake, nguvu za kurudi kufia kwao, siku zake za mwisho bila maumivu ya kuongezewa. Ni vyake, na yeye ndiye wa kusema kama ataviweka rehani. Dozi ilipoongezwa maradufu, haikuwa tena huruma kwa mgonjwa yule aliyeko pale. Ilikuwa ni kutaka kujua kiasi kipi kitamaliza vimelea. Hilo ni swali halali la kisayansi, lakini aliyelipia jibu lake kwa macho yake hakuulizwa. Na waliotoroka walikuwa wametoa jibu lao kwa miguu. Daktari mwenye masikio angelisikia.

Jiulize pia ruhusa ingekuwa na maana gani mwaka ule. Upande wa kusini wa koloni lilelile, Vita vya Maji Maji vilikuwa bado havijaisha na vijiji vilikuwa vikichomwa. Mweupe mwenye wasaidizi, bunduki na barua ya serikali akikuambia unyooshe mkono, wangapi wangesema hapana?

Koch aliondoka Sese mwaka 1907. Alipendekeza wagonjwa wakusanywe katika kambi maalumu, wachomwe Atoxyl huko na watengwe na wengine, na vichaka vya kando ya maji vifyekwe. Alitaka pia mamba wauawe, kwa kuwa aliona mbung'o wakinyonya damu yao. Wajerumani walifungua kambi za namna hiyo upande wetu wa ziwa, kama Kigarama kule Bukoba na Shirati. Waingereza nao walichukua njia yao: waliwahamisha watu wote kutoka mwambao, na mwaka 1909 wakazi wa Sese waliondolewa visiwani mwao. Mbung'o walikosa watu wa kuwauma, na vifo vikapungua kweli. Wakati huohuo watu walipoteza mashamba, mitumbwi, uvuvi na makaburi ya wazee wao.

Katika kambi zile mambo mawili yalichanganywa ambayo wewe hupaswi kuyachanganya. Kumtenga mgonjwa wa kuambukiza ili asiwaambukize wengine ni jambo moja. Sheria yetu ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maofisa wa afya uwezo huo, na penye Ebola au Marburg sitakushauri ubishane nao, ilimradi aliyetengwa apate chakula, matibabu, na njia ya kusikia habari za nyumbani. Kumjaribia mgonjwa dawa isiyojulikana ni jambo jingine kabisa, na hilo halina lazima. Mtu anaweza kuwa karantini kihalali na bado akawa na haki kamili ya kukataa utafiti.

Inawezekana kufanya yote mawili vizuri, hata katikati ya vurugu. Mwaka 2018 na 2019 Ebola ilikuwa mashariki mwa Kongo, Beni na Butembo, kukiwa na vita na watu wakichoma moto vituo vya tiba kwa kutoviamini. Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake walilinganisha dawa nne. Mgonjwa au ndugu yake alielezwa na kukubali kwanza. Kilichokuwa tofauti zaidi na Sese ni kuwapo kwa kamati huru, isiyo chini ya madaktari wa kambini, iliyofuatilia matokeo. Agosti 2019, kamati ilipoona kwamba dawa mbili zinaokoa zaidi, iliagiza zile mbili dhaifu zisitolewe tena. Kwa dawa dhaifu karibu nusu ya wagonjwa walikufa. Kwa zile bora, karibu theluthi moja. Moja ya hizo bora ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Muda wa kuuliza ulipatikana, wakati Ebola inaua kwa siku chache na malale huua kwa miezi au miaka.

Turudi Korogwe, maana historia haikuishia kwenye hadubini za Wajerumani. Jina la Amani leo linabebwa na kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kilichopo Muheza. Na kuanzia mwaka 2009 Korogwe ilikuwa moja ya sehemu 11 katika nchi saba za Afrika zilizojaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, kwa watoto zaidi ya 15,000. Bagamoyo nayo ilikuwamo. Kwa hiyo jibu la wazazi wanaoniuliza ni kwamba ndiyo, utafiti umefanyika kwa watoto wetu, na baadhi yao sasa ni vijana wanaopita mitaani Korogwe. Jambo la kutazama ni namna ulivyofanyika. Kabla ya sindano ya kwanza kulikuwa na kamati za maadili zilizosoma mpango wote. Mzazi alielezwa na kutia saini, na asiyejua kusoma aliweka dole gumba mbele ya shahidi. Watoto wa kundi la kulinganishia hawakuchomwa maji matupu. Wakubwa kidogo walipata chanjo ya kichaa cha mbwa na wachanga zaidi chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Waliopata dozi zote nne wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 mwanzoni, malaria ilipungua kwao kwa takriban asilimia 36 katika miaka minne. Si ushindi wa kupigia ngoma, lakini kwa nchi ambazo malaria inajaza wodi za watoto ni maisha mengi.

Sitakuambia kwamba yote yamenyooka. Chanjo hiyohiyo ilipoanza kutolewa kwa hatua mwaka 2019 Ghana, Kenya na Malawi, bado kukiwa na maswali ya usalama yaliyotakiwa kufuatiliwa, baadhi ya wataalamu wa maadili walilalamika mwaka 2020 kwamba wazazi hawakuombwa ridhaa ya utafiti. Kumleta mtoto kliniki kulihesabiwa kuwa kukubali. Shirika la Afya Duniani lilijibu kuwa huo ulikuwa utoaji wa kawaida wa chanjo iliyokwisha kuidhinishwa. Ufuatiliaji haukuthibitisha hofu zile, na Oktoba 2021 shirika hilo likaipendekeza rasmi. Hata hivyo mimi niko upande wa waliolalamika. Mama aliyeamka alfajiri na kutembea hadi kliniki amekubali mtoto wake achanjwe. Hajakubali kuwa sehemu ya kitu ambacho hakuelezwa kipo.

Basi wakija kwako, uwe Lutindi, Handeni au Kigamboni, waulize bila haya. Hii ni tiba iliyokwisha thibitishwa au ni utafiti? Kamati gani ya maadili imeupitisha, na namba ya simu ya kamati hiyo iko wapi kwenye fomu? Nikikataa, mwanangu ataendelea kutibiwa kama kawaida? Nikikubali leo na kujitoa mwezi ujao, itakuwaje? Akidhurika, nani atamtibu na kwa gharama ya nani? Fomu iwe kwa Kiswahili unachokielewa, na nakala yako ubaki nayo nyumbani. Omba siku ya kwenda kushauriana na mwenzio. Mtafiti mwadilifu hatachukia. Akichukia, umeshapata jibu. Kama mtoto ni mkubwa kiasi cha kuelewa, naye aelezwe na aulizwe.

Na kwa wenye ndugu waliolazwa Lutindi au hospitali nyingine ya magonjwa ya akili: mgonjwa wa akili, kama mtoto na mfungwa, anahesabiwa katika taratibu za utafiti kuwa mtu wa kulindwa zaidi, kwa sababu ni rahisi kumtumia. Akiwa hawezi kuamua, wewe ndiwe mdomo wake. Akipata nafuu na kuweza kuamua, aulizwe yeye mwenyewe upya, hata kama ulikwisha kutia saini. Usikubali kwa kuona aibu mbele ya muuguzi aliyekusaidia kumtunza.

Usiichukue hadithi hii kuwa sababu ya kukimbia sindano. Chanjo ya surua au ya pepopunda anayopewa mwanao kliniki si Atoxyl. Imepita miaka mingi na watoto mamilioni. Hata malale yenyewe yana dawa bora sasa. Mpaka miaka ya karibuni mgonjwa wa hatua ya mwisho wa malale ya upande wetu wa Afrika alitibiwa kwa melarsoprol, dawa nyingine ya aseniki, iliyoua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20 wakati wa tiba. Leo kuna vidonge vya fexinidazole, vilivyojaribiwa kwa wagonjwa wa Malawi na Uganda, ambao safari hii waliulizwa.

Koch mwenyewe hakurudi tena Afrika Mashariki. Alipokelewa Berlin kwa heshima na kupewa cheo kikubwa zaidi. Moyo wake ulianza kumsumbua, na tarehe 27 Mei 1910 alifariki Baden-Baden alikokuwa amekwenda kupumzika, akiwa na miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa ndani ya taasisi yenye jina lake mjini Berlin, ileile iliyokuwa ikitangaza takwimu za Uviko-19 za Ujerumani kila siku. Wakati huo visiwa vya Sese vilikuwa tupu, na wale waliopofuka, kama walikuwa bado hai, walikuwa mahali fulani bara, wakiongozwa mkono na watoto wao.